Kidole cha Tweve

Tangu theluji ianze kuanguka Kitulo, sheria ni moja: kampuni ya mchezo ihakikishe kila anayekwenda kuteleza thelujini kwa mbao miguuni amerudi kwake kabla ya giza. Inamrudishaje, hakuna anayeuliza.

Jioni ya dhoruba Tweve aliingia akicheka, hana hata mchubuko. Mkewe Atuganile akaanza kumkanda miguu kwa maji ya moto, kama wafanyavyo wake wote wa watelezaji.

"Pole na baridi, Baba Lusajo."

"Asante. Njaa tu."

Kwenye mguu wa kushoto akaacha kukanda, akahesabu vidole mara mbili. Kidole kidogo kilicholiwa na baridi mwaka juzi kikakatwa, ambacho yeye na mumewe walikizika wenyewe nyuma ya jiko, kilikuwepo.

"Mbona umeacha kukanda, mke wangu?"

"Maji yanapoa," alijibu, akakifunika kwa taulo kabla Lusajo hajaja kumlaki babaye.