Miiba ya Nungunungu

Apa kwanza kuwa hutamwambia mtu. Umeapa? Hata mimi niliapa, basi sogea usikie.

Kanga alivuka mto kwenda kumpa pole Kwale, wa nchi ya pili, aliyefiwa na mumewe. Hajaketi vizuri mkekani, akaona tita la miiba mlangoni.

"Shoga, hiyo ya nini?"

"Mikuki. Nungunungu kasema nyinyi kanga mnakuja kutuua. Vifaranga wangu wote wameandikwa vitani."

"Yarabi toba! Kwetu kasema wauaji ni nyinyi! Na wangu wameandikwa!"

Wakatazamana, midomo wazi. Kumbe mihogo yote waliyompa Nungunungu kwa shukrani ya miiba yake, huku na huku, ndiyo iliyomnenepesha vile!

Siku ya pili Kwale akamwita Nungunungu alete miiba zaidi. Kanga naye akavusha ukoo wake mzima, wakajibanza kichakani pamoja na kwale wote.

Nungunungu akaja mbio, tita kwapani.

"Shika upesi, mwanangu. Kanga wanavuka kesho."

"Tumevuka leo, babu!" kanga wakachomoka kichakani.

Akageuka akimbie, akakuta kwale wamemziba njia. Mzee wa watu akabaki kalikumbatia tita lake, hana pa kulificha.