Ngoma Nyuma ya Gari la Kiongozi

Mama Sikitu wa nyumba ya pili anadai kwamba Ijumaa iliyopita mzee Ngwali hakuwamo kwenye filamu. Anasema alitazama vizuri, hata mchele akaacha kuuchambua. Nyuma ya gari la Kiongozi, pale alipozoea kumwona mzee akipiga ngoma ya bendi, palibaki lami tupu.

Zamda, bintiye mzee, aliingia ndani kuwasha runinga, maana Ijumaa ilikuwa imefika tena. Filamu ya siku Kiongozi aliposhika nchi huonyeshwa kila Ijumaa alasiri, na kila nyumba lazima itazame. Watu huwatafuta ndugu zao katika umati ule wa zamani, maana anayefutwa humo, wiki haiishi, gari huja kumchukua. Ijumaa iliyopita Zamda na baba yake walitazama wakiwa msibani, nyuma ya watu, wasione kitu.

"Mama Sikitu na miwani yake ya kuokota," mzee alisema akicheka. "Keti, mwanangu."

Kwenye runinga, gari la Kiongozi likapita. Matarumbeta yakapita. Kisha ikaja lami tupu, na juu ya lami ile, ngoma ikilia. Walimfuta mtu, wakasahau mlio wake.

Vidole vya mzee viliufuata juu ya goti.

"Hapo nilichelewa pigo moja. Mkubwa wa bendi alinisema mpaka jioni. Umesikia?"

"Nimesikia, baba."

Zamda alikuwa ameshamfungia sweta na kanzu katika kanga. Nje, kuku wa Mama Sikitu walitawanyika, kisha injini ikazimwa.

"Zamda," mzee alisema, "hebu ongeza sauti kidogo."