Ulinzi wa Hiari

Zamani, kabla semina hazijafika porini, kila familia ilimpelekea Hondohondo konzi ya kumbikumbi asubuhi, naye alishinda juu ya mti akimwangalia Tai. Akilia tu, wote walikimbilia vichakani. Hakuna aliyeulizwa kama anataka.

Siku moja Ngiri akarudi kutoka semina na msamiati mpya.

"Hii ya kulazimishana ni ushamba," alisema. "Mimi nina shimo langu. Anayetaka ulinzi alipie, asiyetaka aachwe. Freedom of choice, jamani."

"Na ukitoka shimoni kwenda kula?" aliuliza Kanga, mama wa vifaranga, aliyeogopa kila kivuli.

"Dada, wewe lipa. Nani kakukataza?"

Wanyama walilipenda neno hiari kuliko walivyompenda Hondohondo. Asubuhi iliyofuata aliyeleta alikuwa Kanga peke yake. Hondohondo alimaliza konzi ile moja, akavumilia njaa hadi jua la utosi, kisha akashuka kujitafutia chakula.

Tai hakuwa na papara. Aliondoka na kifaranga.

"Lakini mimi nililipa," Kanga alimwambia Hondohondo.

"Ulilipa, mama, na ninakushukuru," Hondohondo alimjibu. "Ila konzi yako ilinishibisha mpaka saa tatu. Sehemu ya siku iliyobaki ilikuwa ikilipiwa na wenzako."

Jioni Ngiri alikuja kutoa pole. Aliketi, akatikisa kichwa kwa huruma kabisa.

"Unaona sasa, dada? Ndiyo maana mimi sikulipa."