Kadi ya Mzee Mwaipopo

Siku tisa Lutengano, fundi wa kompyuta, alijifungia kwenye chumba cha seva cha hospitali, akitafuta kwa nini kadi za wagonjwa huzungusha kiduara dakika tano nzima kabla ya kufunguka kwenye kompyuta. Mwishowe akagundua kwamba seva zote zilikuwa zikigombania njia moja ya mtandao kwa kazi zote, pamoja na kufika kwenye hifadhi ya data. Akaipa hifadhi njia yake peke yake, kisha akashuka mapokezi na simu mkononi ili apime muda.

Alisimama nyuma ya Sekela, karani wa dirishani. Kadi zilifunguka kufumba na kufumbua, na kufikia saa tano benchi lilikuwa tupu. Alibaki Mzee Mwaipopo, ambaye kila wiki huja kumchukulia dawa mkewe aliyepooza.

Sekela akaandika jina, Lutengano akaanzisha saa. Kadi ikafunguka papo hapo.

Mzee ndiyo kwanza alikuwa anaegemeza viwiko dirishani, kama alivyozoea. "Juzi alimeza uji bila kupaliwa," akaanza, kisha akasita. "Nasikia siku hizi mnakwenda kasi. Imeshafunguka, mwanangu?"

Sekela akaitazama kadi iliyojaa kioo kizima. Akakigeuza kidogo kioo upande wake mwenyewe, mzee asikione.

"Bado inazunguka, baba. Enhe, akameza uji, halafu?"

Mzee akavua kofia, akaiweka kaunta. "Leo kaniita jina langu."

Kwenye simu ya Lutengano sekunde zilikuwa bado zinakimbia. Kidole chake kikabaki hewani.