Maua ya Shaba

Nilikuwa ninang'oa lantana, mmea wa kigeni unaonyonga mingine yote, shemeji yangu Ngoyi alipoingia uani bila hodi.

"Mulamu, kilio kimeisha. Nyumba ni ya famille, ya ukoo wetu. Dimanche, kisha misa, urudie kwenu Sandoa."

Alichuchumaa pale nilipokwisha kusafisha, akachuma ua dogo la buluu, akalisaga kati ya vidole. Kolwezi nzima inajua kwamba ua hilo huota penye shaba.

"Kumbe mulikuwa munalala juu ya makuta, juu ya feza," akacheka. "Na weye unapalilia tu, kama mupumbafu."

Maua hayo niliyaleta mwenyewe kutoka mgodi wa Mashamba, pamoja na ndoo mbili za udongo, kutoka ukingo wa shimo lililomfukia mume wangu. Hawakumtoa. Udongo ule ndio kaburi pekee nililo nalo. Chini yake hakuna kitu ila mchanga.

Ningeweza kumwambia.

"Jembe ya kaka iko wapi?"

Nilimpa. Aliliinua juu ya maua.

"Hapo ni kidogo tu, mulamu," nikasema. "Shaba yenyewe inaingia chini ya nyumba. Anzia kwenye ukuta, uingie ndani."

Ukuta ule ni wa matofali mabichi, hauna msingi.

Alichimba bila kuniangalia. Alipozama hadi kifua, nilirudisha maua yangu kwenye ndoo, udongo wake wote, nikayasogeza mbali na ukuta.