Mkono wa Somo

Mkono wa Bi Mishi, somo na kungwi aliyekuwa akimsinga bi harusi, akimsugua mwili kwa manukato, ulisita juu ya titi la kushoto. Chini ya singo yenye harufu ya waridi palikuwa na kitu kigumu, kama kokwa ya ukwaju.

"Kuna nini, somo?"

Harusi ni kesho, na ukumbini akina mama wa Likoni washaanza vigelegele.

"Hamna kitu, mwanangu. Ndivyo matiti ya wasichana yalivyo," akajibu, asithubutu kumtazama. Neno lilipomtoka, akatamani alimeze tena.

Msichana akashusha pumzi, machozi yakamlengalenga.

"Alhamdulillahi! Kimenikosesha usingizi hicho. Nilikuwa niende kupimwa matiti hospitali nikitoka fungate, lakini maadamu wewe umekishika ukasema si kitu, wallahi siendi tena."