Mtihani wa Bi Kiherehere

Kama kuna mtu aliyezaliwa na mkono wa kutunza wagonjwa, ni Bi Kiherehere. Shahidi wa kwanza alikuwa Bi Kiherehere mwenyewe. Shahidi wa pili alikuwa kitandani, uji ukimtiririka shingoni.

"Mdomo wangu uko huku," alisema mgonjwa. "Hapo ni sikioni."

"Ulitingishika."

"Sijatingishika tangu juzi, shoga. Ndiyo maana niko hapa."

Kweli. Mgongo wa mgonjwa uligoma juzi asubuhi, ghafla, na tangu hapo alikuwa amelala chali kama mende aliyepinduka, kazi yake kutazama dari na kutoa amri.

Na leo ndiyo ilikuwa siku ya ukaguzi. Zamani huduma ya wazee majumbani haikuwa na mkaguzi. Mhudumu akija, asipokuja, anajua yeye na mzee wake. Sasa ofisi imeboresha mambo. Msimamizi anakuja na fomu, anakaa kitini, anatazama kazi ikifanyika, anatoa alama. Mhudumu asiyeweza kumwinua mzee anaondolewa siku hiyohiyo. Mzee aliyebaki bila mhudumu anapakiwa kwenye gari hadi bwenini: vitanda arobaini, dirisha moja.

Miaka sita wawili hawa walikuwa wakigombana katika nyumba hii kuanzia chai ya asubuhi. Hakuna kati yao aliyekuwa tayari kuanza kugombana na mtu mgeni.

"Hebu rudia," alisema mgonjwa.

"Maji ya uvuguvugu. Uso kwanza. Mkono mmoja chini ya bega, mwingine chini ya nyonga, halafu namviringisha."

"Unamgeuza. Yanayoviringishwa ni mapipa."

Bi Kiherehere alikaza kamba za aproni, akajitazama kwenye kioo cha kabati. Mhudumu kamili, alijisifu, kasoro magoti tu, maana hayo yalilia kama bawaba kila alipoinama.

Hodi ikapigwa.

Msimamizi alikuwa msichana mpya kazini, viatu vinang'aa, adabu tele. "Shikamoo, bibi," alisema akielekea kitandani. Mgonjwa aliitikia kwa kuguna chini ya shuka, aliyoivuta mpaka puani. Kilichoonekana ni macho na mvi. Msimamizi akamgeukia aliyevaa aproni, akasita kidogo.

"Na wewe pia, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Kazi hii inazeesha."

Mtihani ukaanza. Uso ulioshwa vizuri, ingawa sabuni iliingia jicho moja. Kwenye kugeuza, Bi Kiherehere aliweka mikono palepale alipofundishwa, akasukuma. Mgonjwa akatoa sauti kama ya mbuzi aliyekanyagwa.

"Anaimba," Bi Kiherehere alieleza. "Akifurahi huimba."

Msimamizi akaandika kitu. Bi Kiherehere alitaka kusimama wima aone kilichoandikwa, lakini kiuno kilikataa, akabaki ameinama juu ya beseni kama anatafuta pete. Ikabidi msimamizi aweke kalamu chini, amshike kwapa, amwinue taratibu.

"Umefanya kazi hii muda gani?"

"Tangu juzi."

Kitandani pakasikika kikohozi kikali.

"Juzi ile ya zamani, mwanangu. Miaka inakimbia."

"Na dawa zake za asubuhi?"

Hapo Bi Kiherehere hakubabaika. Alifungua kichupa, akatoa kidonge cha presha, akakitupia mdomoni, akashushia maji. Kisha akaona macho manne yanamtazama.

"Naonja kwanza," alisema. "Utampaje mtu kitu usichokijua ladha?"

Msimamizi akaandika tena, safari hii mistari miwili. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya upole, ule upole wa daktari kabla ya sindano.

"Mama, wewe una moyo. Alama za moyo nimekupa zote. Lakini mgonjwa wako amezidiwa kuliko ilivyoandikwa hapa. Mtu asiyeweza hata kujigeuza hatumwachi nyumbani, hata mhudumu wake awe hodari namna gani. Naita gari. Anakwenda bwenini leo."

Jasho likamtoka Bi Kiherehere chini ya kilemba. Siku zote aliamini kwamba uongo mmoja ukishindwa, dawa yake ni uongo mkubwa zaidi.

"Huyu? Asiyeweza ni nani? Jana tu alipanda juu ya meza akabadilisha taa. Juzi alisukuma kabati hili peke yake. Leo amejilegeza kwa sababu ya aibu ya wageni."

"Alipanda mezani? Bibi wa umri huu?"

"Mwepesi huyo, usimwone hivyo."

Msimamizi alitikisa kichwa, akatoa simu. Dereva alitaka maelezo ya abiria. Msimamizi akageuza karatasi hadi ukurasa wa mwisho, ule uliojazwa na mtangulizi wake mwaka uliopita, akamsomea kwa sauti.

"Mwanamke. Miaka themanini na moja. Mfupi, msemaji sana. Meno hana hata moja, na ya bandia ameyakataa mara tatu."

Mgonjwa akaitupa shuka.

"Mimi siendi popote!" alifoka, mdomo wazi mpaka koo.

Msimamizi akainama, akatazama. Juu safu nzima, chini safu nzima, meupe kama vikombe vya harusi. Akakata simu bila kuaga. Akamgeukia polepole aliyevaa aproni.

"Hebu nichekee kidogo," alisema.

Bi Kiherehere akakaza midomo mpaka mashavu yakazama ndani.